Chupa Isiyo na Namba

"Maji yamechemka. Epua."

Maneno matatu tu, kwenye kisikilizi cha sikio la kushoto.

Mwiba hakujibu, maana amri ya namna hiyo haijibiwi kwa mdomo. Alizungusha mkono wa mafuta, na Yamaha yake ikachomoka chini ya paa la kituo cha petroli kana kwamba imetukanwa.

Mbele yake Toyota Hiace nyeupe yenye vioo vyeusi ilikuwa ikiteremka barabara ya viwandani kwa adabu zote, mithili ya gari la maiti. Ilikuwa imetoka lango la nyuma la Kituo cha Utafiti wa Mimea ya Dawa. Chini ya bampa yake palikuwa na kifaa cha kufuatilia, kidogo kama punje ya hindi. Mwiba alikibandika mwenyewe jana yake, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Dereva alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Akaiona pikipiki.

Adabu ikaisha hapo hapo.

Hiace ililipita lori la mafuta kwa upande usio wake, ikarusha maji ya mvua hadi kwenye madirisha ya maghala. Mwiba akapenya kati ya lori na ukingo wa barabara, mahali ambapo mwenye akili zake asingepitisha hata baiskeli. Dirisha la abiria likashuka. Mtutu ukachungulia.

MP5.

Risasi zikachimba lami mbele ya gurudumu lake. Moja iling'oa kioo cha pikipiki, nyingine ikapita karibu na goti kiasi cha kumsalimia. Mwiba alichomoa bastola yake ya Glock kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kazi nyingine, akalenga tairi la nyuma.

Akakosa.

Akalenga tena.

Hiace iliyumba, ikapanda tuta la kokoto la watu waliokuwa wakijenga ghala, ikalala ubavu. Yule mwenye bunduki alirushwa nje kupitia kioo cha mbele na hakusimama tena. Mafundi walitupa makoleo yao wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Dereva alikuwa hai. Alining'inia kwenye mkanda, damu ikimtoka puani, mikono juu kabla hajaambiwa.

"Mimi dereva tu, dada! Haki ya Mungu, mimi dereva tu!"

"Mzigo unakwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege. Upande wa mizigo. Nimeambiwa nipeleke maboksi, basi."

"Nani kakutuma?"

Dereva akatazama maiti ya mwenzake, akameza mate. "Yule mgeni. Yule wa glovu."

Mwiba alimfahamu Glovu kwa faili, na kwa madhara aliyoacha nyuma. Ofisini hakuna aliyejua jina lake la kweli. Walijua tu kwamba havui glovu zake nyeusi hata mezani, na kwamba kila alikopita mmea fulani ulihama. Watu wangelala na mti wao wa dawa, waamke wasikie mti huo una mwenyewe, tena mwenyewe huyo anakaa mbali na wanatakiwa wamwombe ruhusa. Safari hii alifuata kamomili.

"Na yeye yuko kwenye ndege?"

"Hapana. Amebaki kulekule kituoni. Kuna kopo la mbegu anakabidhiwa mwenyewe, mkononi. Alisema hilo hampi dereva."

Mwiba alimfunga pingu kwenye usukani, akazunguka nyuma, akavunja mlango wa gari. Harufu ikamjia usoni: majani makavu na tofaa lililoiva. Alichana boksi la kwanza kwa kisu.

Juu kabisa, kwenye karatasi nyeupe, palikuwa na ua moja lililopasuliwa katikati kwa wembe.

Akasimama pale mvuani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Kamomili ina ndugu zake wa porini wanaofanana nayo kama pacha: petali nyeupe, kitovu cha njano, urefu uleule. Moja ni dawa, nyingine inababua mdomo. Ukiyamwaga kwenye gunia huyajui, hata uwe na macho ya mwewe. Lakini lipasue ua kitovu chake. Kamomili ya kweli ina uwazi ndani, kishimo kitupu. Ya uongo imejaa. Mwiba alijifunza hilo jikoni kwao, akiwa bado msichana wa shule, kwa wembe wa marehemu baba yao. Aliyemfundisha alikuwa dada yake mkubwa.

Lile ua lilikuwa wazi ndani. Kamomili halisi.

Alichana boksi la pili. Ua limepasuliwa, limelazwa juu. La tatu, vilevile.

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga boksi kwa namna hiyo. Dada yake, ambaye kituoni wote walimwita Profesa, alikuwa akisema kwamba kufunga maua bila kuonyesha kitovu ni sawa na kuapa bila shahidi. Miaka nenda miaka rudi hakuna boksi lililotoka mikononi mwake bila ua la ushahidi juu yake. Na haya maboksi ya magendo, yaliyokuwa yakitoroshwa mchana kweupe, ameyafunga hivyohivyo. Mkono umezoea. Hata wizi wake ameufanya kwa uaminifu.

"Mwiba, nipe habari. Ova." Sauti ya Mkuu ilikuwa kavu siku zote, kama mtu aliyemeza unga.

"Gari limesimama. Mmoja amekufa, mmoja ninaye. Maua ni halisi. Glovu yuko kituoni, anasubiri mbegu."

"Nani wa ndani aliyeyafunga?"

Mvua ilikuwa ikilowesha lile ua lililopasuliwa. Mwiba alifunika boksi.

"Bado sijajua. Ova."

Hakuwahi kumdanganya Mkuu. Aliona aibu.

"Kuna jambo jingine," Mkuu akasema, akakohoa. Mkuu hakuwa mtu wa kukohoa. "Wodi ya saratani. Yule mwalimu mstaafu aliyefariki juzi walidhani amezidiwa na maradhi yake. Sasa kuna wengine wanne wanavuja damu midomoni na haisimami. Wote wamo kwenye utafiti wa kamomili. Mama yako ni mmoja wao. Pole sana."

Na Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilolihisi Mwiba lilikuwa furaha.

Maana Profesa alimpenda mama yao kuliko kitu chochote chenye pumzi. Aliyewadhuru wagonjwa wale amemdhuru na mama. Basi si Profesa. Basi kuna mtu ameiba hata mazoea yake, hata ule wembe wake. Mwiba alimwachia dereva wenzake waliokuwa njiani, akapanda pikipiki kwenda hospitali akiwa na tumaini, na tumaini lile lilimuuma kuliko hofu.

*

Dawa za saratani hupigana na ugonjwa lakini hazina macho, na mdomo wa mgonjwa ndio huwa uwanja wa vita. Unachubuka ndani kote hadi maji ya kunywa yanachoma kama pilipili. Profesa alikuwa akitafuta namna ya kuutuliza. Kila mgonjwa wa wodi ile alipewa chupa ndogo ya kahawia ya kusukutua, funda la mwisho ameze. Chupa nyingine zilikuwa na kamomili, nyingine maji yaliyotiwa rangi na ladha. Zote zilifanana. Zilikuwa na namba tu, na maana ya namba ilifungiwa mbali, ili nesi wala mgonjwa asijue nani kapata nini, watu wasije wakapona kwa kudhani. Ndio utaratibu wa sayansi. Na ndio maana mtu mbaya aliweza kujificha humo: aliyelalamika kwamba dawa inawasha aliambiwa avumilie, pengine amepewa yale maji tu.

Mama alikuwa kitanda cha dirishani. Mfuko wa damu ulining'inia juu yake. Kitambaa kilichokuwa chini ya kidevu chake kilikuwa chekundu chote, na aliye chini ya shuka alikuwa mdogo kuliko mama ambaye Mwiba alimfahamu.

"Mama."

Macho yakafunguka. Mdomo ulijaribu tabasamu, damu ikatangulia. Mama akafumba mdomo haraka, akaona haya, kama mtu aliyemwaga chai mbele ya mgeni.

Daktari wa wodi alimvuta Mwiba pembeni. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Namwongezea damu, inaingia huku inatokea kule. Wagonjwa hawa huvuja kwa sababu kumi. Hii ya kumi na moja siijui. Kuna kitu wamemeza."

"Ukikijua?"

"Nikikijua nina la kufanya. Nikibahatisha, nitapoteza saa, na mama hana saa za kupoteza." Akashusha sauti. "Hadi jioni, dada. Sikufichi."

Mwiba aligeuka, na ndipo alipomwona mwanamke wa kitanda cha pili. Mshonaji wa nguo, mama wa makamo, kichwa kimefungwa kitambaa cha maua. Wodi nzima ilikuwa ikiugulia maumivu, yeye ameketi kitako na bakuli la uji tupu mapajani. Midomo yake ilikuwa mizima.

Naye alikuwa analia.

"Ni mimi," akasema kabla hajaulizwa. "Mwanangu, ni mimi niliyemponza mama yako."

"Sema polepole, mama. Umefanya nini?"

"Wiki iliyopita dawa yangu ilikuwa moto mtupu. Nalia usiku, nalia mchana. Mama yako akanihurumia. Akanitolea chupa yake. Alisema binti yake mkubwa humletea ya kwake maalumu, mkononi, ile ya wodi anaichukua anaondoka nayo. Akaniambia, 'Chukua hii, mwenzangu, yangu hainiumi. Nipe hiyo yako niimalize mimi, nesi asije akakugombeza.' Basi tukawa tunabadilishana kila siku."

Alitoa chupa chini ya mto. Chupa ndogo ya kahawia kama zote.

Haikuwa na namba.

Mwiba aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lile tumaini lililomleta mbio halikuondoka kwa kelele, lilizima tu. Mtu anayemletea mama yake chupa ya pekee anajua fika kilichomo kwenye zile nyingine.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mkuu," akasema kwenye maikrofoni ya kola. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu. "Aliyefunga maboksi ni Profesa. Dada yangu. Nilimtambua tangu kule barabarani, nikakuficha."

"Nitume mtu mwingine?"

"Hapana. Niunganishe na simu ya daktari wa wodi, na laini ibaki wazi. Lolote litakalosemwa mbele yangu, alisikie."

*

Nyumba ya mvuke, mahali Profesa alipotolea mafuta ya maua, ilikuwa mwisho wa bustani ya kituo, nyuma ya vitalu vya kioo. Ofisini walikuwa wamempa Mwiba miwani ya kuona joto, chombo cha gharama kweli kweli. Aliivaa dirishani, akachungulia. Kila kitu kiling'aa kwa wekundu: mabomba, kuta, mtungi, dari. Lingekuwepo jeshi zima humo ndani asingelitambua.

Aliivua akaitia mfukoni. Akaingia kwa mlango kama watu.

Ndani palikuwa na ukungu wa mvuke na ile harufu ya tofaa, safari hii nzito ya kukaba. Mtungi mkubwa wa kukenekea mafuta ulikuwa katikati, mfuniko umeondolewa, maji yanatokota. Kwenye kona, kichupa cha kioo kilikuwa kinapokea matone ya mwisho kutoka kwenye bomba. Matone yalikuwa ya buluu iliyokolea kama wino. Ua lenyewe halina buluu hata chembe. Moto ndio unaoitoa.

"Ingia, mdogo wangu," Profesa akasema bila kugeuka. "Unakanyaga kama baba."

Alisimama kando ya mtungi kwa koti lake jeupe, kopo la bati limekumbatiwa kifuani. Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu, msafi, mwenye uso wa karani wa benki. Mkono wake mmoja wenye glovu nyeusi ulikuwa begani kwa Profesa. Wa pili ulikuwa na bastola, Walther, na mdomo wa Walther ulikuwa kwenye shingo ya Profesa.

"Weka silaha chini, bibie," Glovu akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kilichopigwa pasi. "Mimi na Profesa tumemaliza shughuli. Tunaondoka."

Mwiba hakuweka silaha chini. Glock ilibaki imenyooka.

"Dada. Mmetia nini kwenye chupa za wodi?"

"Maua mwitu." Profesa alijibu kama anayejibu swali la darasani. "Nilibadilisha maua tu. Yanawasha, yanachubua kidogo. Dawa ishindwe, utafiti ufungwe, basi. Hakuna aliyepaswa kufa."

"Mwalimu amekufa."

"Mwalimu alikuwa mgonjwa sana."

"Kwa nini, dada?"

Hapo Profesa aligeuza uso. Alikuwa amezeeka tangu mwezi jana.

"Unajua nimeomba chumba cha baridi mara ngapi? Nimeomba friji. Friji! Wakaniletea cheti cha pongezi, na kikombe chenye picha ya jengo. Mbegu hii nimeichagua ua kwa ua tangu wewe uko sekondari. Ningekufa, wangemwaga kopo hili waweke sukari. Hawa wananipa maabara nzima. Jina langu mlangoni. Sharti lao moja tu, dawa isijulikane kwanza hapa."

"Na mama?"

"Mama yuko salama," Profesa akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Chupa yake nampelekea mwenyewe. Siwezi kumsahau mama, we vipi?"

Mwiba alikuwa amepiga watu risasi bila kusita. Maneno haya ilimbidi ayasukume nje.

"Alimpa jirani yake."

"Nini?"

"Chupa yako. Alimpa mshonaji wa kitanda cha pili, akachukua ya kwake akaimaliza yeye. Mshonaji anakunywa uji. Mama anavuja damu, dada, na haisimami. Daktari anasema hadi jioni."

"Uongo."

"Mtazame mama unayemfahamu. Angemwacha mwenzake analia?"

Maji yalitokota. Kwenye kona tone la buluu lilidondoka, na jingine. Profesa hakupiga kelele. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayepiga hesabu kichwani, na hesabu ikakataa.

"Maua mwitu hayavujishi damu," akasema taratibu. "Hayawezi." Akageuza kichwa kidogo, kiasi mdomo wa Walther ulivyomruhusu. "Umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu," akasema Glovu. "Twende."

Profesa akanyoosha mkono, akaliinamisha kopo juu ya mtungi.

Mbegu za kamomili ni ndogo kama vumbi. Zilimwagika kimya kimya, kidogo kidogo, zikaingia kwenye maji yanayochemka, zikatanda juu, zikazama. Ilikuwa kazi ya nusu ya maisha yake. Hakupepesa macho.

"Una wazimu!" Utulivu wa Glovu ukapasuka. "Waliolipia kopo hilo wataniua!"

"Basi sema. Umeongeza nini?"

"Acha! Acha kumwaga! Dawa ya panya. Dawa ya panya tu!"

Mkono wa Profesa ukasimama. Kopo lilibaki nusu. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwalimu anayembana mwanafunzi mvivu. "Zipo za aina nyingi. Ipi?"

"Ile ya kuzuia damu isigande."

"Ya siku chache, au ile inayokaa mwilini?"

"Inayokaa. Inayokaa majuma mengi! Nipe kopo!"

"Daktari anasikia?" Profesa akauliza, macho yakiwa kwa mdogo wake.

"Anasikia," akasema Mwiba.

"Vitamini K. Dozi kubwa, ya mshipani, na plazma juu yake. Damu ikisimama asifurahi akaacha. Aendelee miezi. Wote, si mama peke yake."

Sikioni mwa Mwiba sauti ya yule kijana ilikuwa tayari inamfokea nesi akimbie stoo.

Glovu alifahamu kwamba amesema yote na hajapata chochote. Alilivamia kopo. Profesa alilikumbatia, akaibamiza valvu ya bomba kwa kiwiko, na mvuke ukatoka kwa mlio wa kutoboa masikio. Chumba chote kikawa cheupe. Walther ililia. Kioo kikavunjika mahali fulani. Mwiba hakuona kitu.

Lakini Glovu alipiga kelele, maana mvuke ulikuwa umempata usoni, na kelele ina mahali inapotokea.

Mwiba alifyatua chini ya kelele ile. Mara moja.

Mvuke ulipotawanyika, Glovu alikuwa sakafuni ameshika paja, bastola iko mbali. Glovu moja ilikuwa imechanika, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vya kawaida kabisa, vyenye kucha zilizotafunwa. Mwiba alimfunga pingu, akamkaza paja kwa mkanda wake mwenyewe ili asife. Kulikuwa na watu wengi waliotaka kuzungumza naye.

Profesa alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kopo mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebabuka hadi kiwikoni. Hakuutazama.

"Nusu imebaki," akasema. "Waambie waiweke pakavu. Isiguse bati muda mrefu."

"Nitawaambia."

"Nipeleke kwa mama kwanza. Dakika moja tu. Nimshike mkono."

"Hapana, dada."

"Mimi ndiye niliyekufunga kamba za viatu ukienda shule."

"Ndiyo, dada." Mwiba alipiga magoti mbele yake, kwa heshima, kama mdogo anavyompigia mkubwa. "Nyoosha mikono."

Profesa alinyoosha. Mwiba aliifunga pingu juu ya kitambaa, ili chuma kisiguse pale palipobabuka. Hakuna aliyelia. Kilio kilikuwepo, tena kingi, ila hakuna kati yao aliyejua akianze vipi mbele ya mwenzake.

"Mwambie mama..." Profesa alianza.

Mwiba alisubiri. Alisubiri hadi ving'ora vya wenzake vikasikika langoni, hadi watu wenye silaha wakajaza mlango. Profesa hakupata la kumalizia.

*

Wagonjwa wawili hawakufika jioni ile. Mmoja alikuwa fundi wa redio, mwingine msichana aliyekuwa amebakiza mitihani. Dawa ilipofika walikuwa wamekwisha kuondoka. Wa tatu alipona.

Mama naye alipona, kama kule ni kupona. Damu ilisimama usiku, uji ulianza kupita siku ya nne. Sauti ilirudi baadaye, imekwaruzika, ya mtu mwingine.

Mwiba alikuja mchana, saa za kuwaona wagonjwa, akakaa kwenye kiti cha chuma na kofia ya pikipiki miguuni. Mshonaji alikuwa amelala. Mama aliangalia mlango, akaangalia tena.

"Dada yako haji?"

"Amesafiri, mama. Kikazi."

"Mbali?"

"Mbali kidogo. Atakaa."

Mama alivuta pumzi, mabega yakashuka. Mwiba alijiandaa kwa machozi. Hayakuja.

"Afadhali," akasema mama.

"Afadhali kwa nini?"

Mama akamwashiria asogee. Akatazama kitanda cha pili, akahakikisha mwenzake amelala kweli, akanong'ona.

"Kuna kitu nimemkosea. Alikuwa ananiletea dawa yake maalumu, kanionya sana, 'Mama, usimpe mtu, hata funda moja.' Mimi nikampa huyu mwenzangu. Nilishindwa, mwanangu, alikuwa analia." Vidole vyake vikakamata mkono wa Mwiba. "Usimwambie. Yule hana usingizi kwa ajili ya wagonjwa hawa, na mimi nimemharibia kazi. Akijua atahuzunika."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia maji ya mvua.

"Sitamwambia, mama," akasema Mwiba.

"Niapie."

Akaapa.

Alimnyooshea mama shuka, akaokota kofia, akatoka. Kwenye korido alipishana na daktari wa wodi, wakasalimiana kwa kichwa. Aliteremka ngazi bila haraka, akapanda Yamaha, akavuta kioo cha kofia usoni ingawa mvua ilikuwa imeacha kunyesha. Injini iliwaka mara ya kwanza tu. Mlinzi alinyanyua kizuizi, naye akatoka langoni akaingia barabarani katikati ya magari, kama mtu yeyote anayerudi kazini.